Kubadili Kabureta ya Land Rover Kuukuu

Karatasi hii ni kwa ajili ya mkulima, chama cha ushirika, au shule yenye shamba, ambao bado watumia Land Rover ya zamani ya petroli, nao wameambiwa na fundi ya kuwa kabureta yake imekufa na hapana budi kununua nyingine. Neno hilo husemwa upesi mno. Mara nyingi si kweli. Na hata likiwa kweli, kabureta mpya isiyolifaa gari, au iliyofungwa ovyo, yaweza kumtia mwenye gari katika hasara iliyo kubwa kuliko ile ya kwanza: petroli kwisha kama maji, valvu kuungua, au gari kushika moto na kuteketea pamoja na mzigo wake.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa watu huko Amsterdam mwezi wa Aprili mwaka 1948. Zile ziitwazo Series II zilianza mwaka 1958, na za Series III ziliundwa tangu mwaka 1971 hadi mwaka 1985. Tangu 1958 nyingi katika zile za petroli zilitiwa injini ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita 2,286, ambayo mafundi huiita ya lita mbili na robo. Ndiyo nitakayoieleza hapa. Mwenye gari la silinda sita asifuate maneno haya, kwa kuwa kabureta yake ni ya namna nyingine. Na gari la dizeli halina kabureta kabisa.

KAZI YA KABURETA

Petroli iliyo majimaji haiwezi kuendesha injini. Sharti ivunjwevunjwe iwe kama ukungu, ikachanganywa na hewa kwa kadiri iliyo sawa. Kwa uzito, kilo moja ya petroli yahitaji karibu kilo 15 za hewa ipate kuungua yote. Wenye elimu ya injini husema 14.7. Hewa ikipungua, mchanganyiko ni mzito. Ikizidi, mchanganyiko ni mwepesi. Kila ubaya wa kabureta ni mojawapo ya mambo hayo mawili.

Mkulima aliyepata kutumia bomba la mkono la kupulizia dawa ya wadudu ameiona kabureta ikifanya kazi bila kujua. Katika bomba lile, pumzi ya hewa hupita juu ya mdomo wa mrija mwembamba uliotumbukia katika dawa, nayo dawa hupanda yenyewe na kutoka kama umande. Katika kabureta, injini ndiyo ivutayo hewa. Hewa hupita katika koo jembamba, na kwa kuwa koo ni jembamba hukaza mwendo; mahali pale msukumo wake hupungua, na petroli huvutwa kutoka bakulini kupitia jeti. Jeti ni kitu kidogo cha shaba nyeupe chenye tundu lililopimwa sana. Bakulini mna boya linaloelea, na juu yake sindano ifungayo njia ya petroli bakuli likijaa. Chini ya koo kuna kipepeo, yaani bati la mviringo juu ya ekseli ndogo, ambalo hufunguka mguu ukikanyaga eksileta. Kwa kuanzisha injini asubuhi yenye baridi kuna choki, ambayo hufanya mchanganyiko uwe mzito kwa muda. Vipande vingine ni vya kusaidia tu.

KWANZA UHAKIKISHE

Usifungue mfuko kununua kabureta kabla hujajua ya kuwa ugonjwa umo katika kabureta. Injini isiyovuta, au inayomisi, au inayozima njiani, yaweza kuwa na sababu nyingi, na nyingi katika hizo hazina gharama.

Anza na umeme. Plagi ziwe na nafasi ya karibu milimita 0.75 hadi 0.80, na platini za distributa milimita 0.35 hadi 0.40. Platini zilizoungua hufanya injini ipige chafya na kukosa nguvu sawasawa kama kabureta mbovu, na bei yake ni ndogo. Kisha valvu: katika injini hii tapeti zote, za kuingiza na za kutoa, hupimwa milimita 0.25. Valvu isiyofunga barabara haiponywi na kabureta yoyote duniani.

Baada ya umeme na valvu, fuata njia ya petroli kutoka tangini. Chini ya pampu kuna bakuli dogo la kioo. Likiwa na maji au matope mekundu, lioshe, na ujiulize petroli yako yatoka katika mapipa ya nani. Pampu ina mkono mdogo wa kupampia kwa kidole: ondoa mpira wa petroli penye kabureta, utie ncha yake ndani ya chupa, upampie. Petroli itoke kwa vishindo vyenye nguvu. Ikitoka kwa kudondoka, ugonjwa uko nyuma ya kabureta, si ndani yake.

Mzee mmoja mwenye shamba la viazi katika nyanda za juu za kusini alikuwa amekwisha kununua kabureta mbili katika mwaka mmoja. Gari lake liliwaka vizuri asubuhi, likaenda kilomita sita au saba, likafa. Likipumzika nusu saa huwaka tena. Nilimwambia, “Mzee, likifa safari hii usifungue boneti. Fungua kifuniko cha tangi, usikilize.” Siku ya tatu alinipelekea habari: “Bwana Shamba, tangi limevuta pumzi kama mtu aliyezamishwa majini.” Kitundu cha kupumulia katika kifuniko kilikuwa kimezibwa na udongo. Petroli ikitoka na hewa isiingie, pampu hushindwa kuvuta. Kitundu kilizibuliwa kwa mwiba wa mchongoma, na kabureta zile mbili zingali zimo katika kikapu ghalani.

Jambo la mwisho la kutazama kabla ya kuilaumu kabureta ni hewa ya wizi, yaani hewa iingiayo katika injini bila kupita katika koo. Injini ikiwa katika mwendo wa sailensa, chovya brashi katika maji ya sabuni, upake penye maungio ya manifoldi na chini ya kabureta. Mngurumo ukibadilika, hapo pana ufa. Wako mafundi wanaofanya hivi kwa kumwagia petroli, wafukuze.

Ukiisha kuona kwamba hayo yote ni mazima, ndipo uitazame kabureta yenyewe. Moshi mweusi nyuma, plagi zenye masizi makavu, harufu ya petroli katika oili, na tangi kwisha upesi, ni dalili za mchanganyiko mzito. Usizichukulie kuwa hasara ya fedha tu: petroli isiyoungua huosha oili katika kuta za silinda, na ringi husagika. Plagi nyeupe kama chokaa, injini kupata moto kupita desturi, na kuchechemea ukikanyaga eksileta, ni dalili za mchanganyiko mwepesi. Huu ni wa hatari zaidi. Injini hizi ziliundwa wakati petroli ilipokuwa na madini ya risasi, ambayo yalikinga viti vya valvu. Petroli ya namna hiyo ilikoma kuuzwa katika nchi za Afrika kusini ya Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006. Basi injini yenye viti vya zamani haina tena kinga ile, na moto wa mchanganyiko mwepesi huila upesi.

KUTENGENEZA AU KUNUNUA

Kabureta nyingi zinazotupwa zingeweza kuponywa kwa kusafishwa na kutiwa gasketi, sindano na kiwambo vipya, vitu ambavyo huuzwa pamoja katika pakiti moja. Jeti huzibuliwa kwa pumzi ya pampu ya baiskeli, wala si kwa waya. Waya hupanua tundu. Tundu likipanuka, jeti hiyo si ile tena, na namba iliyoandikwa juu yake imekuwa uongo.

Jaribu ekseli ya kipepeo. Ishike kwa vidole viwili uitikise juu na chini. Ikicheza kidogo sana, si neno. Ikicheza hata ukaiona kwa jicho, tundu zake zimelika, hewa yaingia kando, na hutaweza kamwe kupata sailensa iliyotulia. Hapo, kama hakuna fundi wa mashine ya kukereza karibu nawe awezaye kutia bushi, kununua ni halali. Vivyo hivyo ikiwa mwili umepasuka, au nyuzi za parafujo zimekwisha, au maji yamelala bakulini muda mrefu na kuila madini ndani ikawa kama jiwe la ufukoni.

Kabureta ya Zenith ina udhaifu wake unaojulikana. Mfuniko wake wa juu hupindika, hasa ukikazwa kwa nguvu, na pete ndogo ya mpira iliyo chini ya mfuniko hukakamaa. Petroli hupita mahali pasipo njia, na gari hutoa moshi mweusi. Weka kingo ya rula ya chuma juu ya uso wa mfuniko, uutazame kwenye mwanga. Ukiona mwanga chini ya rula, tandaza msasa laini sana juu ya kipande cha kioo kinene, usugue mfuniko taratibu kwa mwendo wa nane hadi uso wote uwe na rangi moja. Tia pete mpya. Kazi hii huchukua asubuhi moja, na imeokoa Zenith nyingi zilizohukumiwa kufa.

KUCHAGUA

Injini ya lita mbili na robo ilipata kabureta za namna mbili kutoka kiwandani: Solex katika magari ya kwanza, na Zenith ya namba 36 tangu miaka ya mwisho ya 1960. Ya tatu, Weber ya namba 34, imekuwa ikiuzwa kwa miaka mingi kama badala ya hizo mbili, nayo ndiyo utakayoonyeshwa kwanza dukani. Namba hizo ni upana wa mdomo kwa milimita: Solex 40, Zenith 36, Weber 34.

Mkulima huuliza ipi iliyo bora. Mimi humwuliza gari lafanya kazi gani. Zenith nzuri, iliyonyoka mfuniko, hulipa gari nguvu yake yote, na vyuma vya eksileta vya gari lililotoka nayo hushikana nayo bila kukatwa wala kuunganishwa. Weber ni nyepesi kuelewa, ina vipande vichache vya kuharibika, na watu wengi walioitumia huona petroli ikipungua. Lakini mdomo wake ni mwembamba, na gari likikimbia sana, au likipanda mlima limejaa, huishiwa pumzi mapema kidogo. Kwa gari la kwenda sokoni na kurudi, likibeba magunia kumi katika njia ya udongo, upungufu huo hauhisiwi. Kwa gari la kuvuta trela la tani moja katika miinuko, ningetafuta Zenith. Solex ni kabureta ya heshima, ila vipuri vyake ni haba, na choki yake ni ya namna ya pekee: haina bati la kufunga koo, bali kisahani kinachozunguka ubavuni. Mwenye gari la Solex atiaye Weber au Zenith ajue ya kuwa waya wa choki utahitaji kupitishwa njia nyingine, na fimbo ya eksileta huenda ikahitaji kurefushwa au kupindwa.

Usinunue kabureta kubwa ya gari jingine kwa tamaa ya nguvu. Hewa ikipita katika koo pana mno huenda polepole, haivuti petroli vizuri, na gari huwa zito katika mwendo mdogo, ambao ndio mwendo wa shambani.

Siku hizi dukani mna kabureta nyingi za kuigiza, zenye sura ya Zenith au Weber na zisizo na jina, au zenye jina lililochapwa vibaya. Si zote mbaya. Lakini usinunue iliyofungwa katika nailoni usiyoruhusiwa kuifungua. Itazame kwanza. Ekseli ya kipepeo isicheze hata chembe, kwani ni mpya. Fungua na ufunge kipepeo mara kumi, kisinase popote. Uinue uitazame kwenye jua kipepeo kikiwa kimefungwa: mwanga uonekane mwembamba na sawa pande zote, au usionekane. Pitisha rula juu ya uso wa chini. Omba jeti zitolewe uzisome namba. Kabureta ambayo muuzaji hajui jeti zake ni za namba gani, mwachie. Na uhakikishe kwamba gasketi ya chini, na kipande cha kati ikiwa chahitajika, vimo katika bei.

MWINUKO WA NCHI

Hili mafundi wengi hulipita, nalo katika nchi zetu lina uzito kuliko jina la kabureta. Kabureta hutoka kiwandani ikiwa imepimwa kwa nchi za chini. Hewa ya juu ni nyepesi: kwa kila mita 1,000 unazopanda, uzito wake hupungua karibu sehemu moja katika kumi. Jeti haijui habari hiyo. Huendelea kutoa petroli karibu kama kule pwani, na mchanganyiko huwa mzito kwa karibu asilimia 5 kwa kila mita 1,000. Kwa mtu wa Njombe, aishiye karibu mita 2,000 juu ya bahari, petroli huzidi kama sehemu moja katika kumi. Yaani katika kila lita kumi, karibu moja yatoka nyuma kuwa moshi. Mtu wa Limuru au wa Mbeya hana hali tofauti sana.

Dawa yake ni jeti kuu iliyo ndogo kidogo. Katika Weber namba ya jeti ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita, hata 125 maana yake ni milimita 1.25. Kwa kila mita 1,000 upana hupunguzwa kama asilimia mbili na nusu. Basi gari lililopimwa 125 pwani litakwenda vizuri kwa 120 katika mita 2,000. Usipunguze zaidi ya hapo kwa kutaka kubana petroli. Tena usilinganishe namba za jeti za Weber na za Zenith, kwa kuwa viwanda havipimi kwa njia moja.

Lakini tahadhari: gari hilo la Njombe likipakiwa viazi na kuteremka hadi Dar es Salaam, hewa itakuwa nzito, jeti itakuwa ndogo, na mchanganyiko utakuwa mwepesi katika joto na chini ya mzigo, hali iliyo mbaya kupita zote kwa valvu. Shauri langu ni hili: pima jeti kwa mahali pa chini kabisa ambapo gari huenda mara kwa mara likiwa na mzigo. Afadhali moshi kidogo nyumbani kuliko valvu kuungua Morogoro. Aliye na safari moja tu ya pwani kwa mwaka abebe jeti kubwa mfukoni. Kuibadili ni kazi ya robo saa.

Na nguvu iliyopungua kwa sababu ya mwinuko haitarudi. Injini ikosayo sehemu moja ya kumi ya hewa hukosa kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Fundi akuahidiye kuirudisha kwa kabureta akuuzia upepo.

KUFUNGA

Fanya kazi mchana, nje, injini ikiwa baridi. Usifanye kazi hii usiku kwa kibatari wala kwa taa ya chemli, wala mtu asivute sigara karibu. Weka ndoo ya mchanga mkavu. Maji hayazimi petroli bali huieneza. Ondoa betrini ule waya unaoshika mwili wa gari. Katika magari ya zamani zaidi waya huo ni wa chanya, basi utazame kwanza, usidhani.

Kabla ya kufungua kitu, tazama kwa makini jinsi fimbo za eksileta zilivyoshikana, na waya wa choki, na mrija mwembamba uendao kwenye distributa. Chora katika karatasi. Mwenye simu yenye kamera apige picha, pande zote mbili. Ni bora kuliko kukumbuka.

Ondoa mpira mkubwa wa hewa, kisha bomba la petroli, ukikinga petroli kwa kopo. Zifungue nati za chini. Mara tu kabureta inapoondoka, ziba mdomo wa manifoldi kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi zinazochomoka, na kiwe kikubwa hata hakiwezi kusahauliwa ndani. Nati moja ikianguka humo, ikaingia silinda, injini yote itafunguliwa. Kwa hiyo hesabu nati na washa zilizotoka, uzitie katika kisahani.

Kwangua gasketi ya zamani kwa kisu butu, bila kuukwaruza uso. Pima uso wa manifoldi kwa rula kama ulivyopima kabureta. Kile kipande kinene cha kuzuia joto kisitupwe wala kisibadilishwe kwa karatasi. Kazi yake ni kuzuia moto wa injini usipande ukachemsha petroli bakulini. Gari ambalo halitaki kuwaka adhuhuri baada ya kuzimwa dakika kumi, mara nyingi limekosa kipande hiki, au bomba lake la petroli limelazwa karibu na ekzosi.

Tia gasketi mpya, kavu. Gundi ya gasketi haifai hapa: petroli huiyeyusha, na vipande vyake huenda kuziba jeti. Ondoa kitambaa, weka kabureta, kaza nati kwa vidole hadi zishike, halafu kwa spana, robo mzunguko huku na robo kule, kwa zamu. Mwili wa kabureta ni wa madini laini. Mwenye nguvu nyingi ampe spana mwingine.

Sasa unganisha eksileta. Mtu mmoja akanyage hadi chini, nawe uchungulie kooni: kipepeo kisimame wima kabisa. Akiachilia, kirudi hadi mwisho chenyewe, bila kusaidiwa. Rudieni mara kadhaa. Ikiwa fimbo imekuwa fupi au ndefu kwa sababu kabureta ni ya namna nyingine, tengeneza fimbo. Usiifunge kwa waya wa seng'enge. Nimeona gari limefungwa hivyo, waya ukanasa katika mteremko, na aliyekuwa akiliendesha akaponea kwenye shamba la migomba. Spring ya kurudisha iwe nzima, na ya pili ya akiba si anasa.

Waya wa choki: kitufe kikiwa kimesukumwa ndani kabisa, bati la choki liwe wazi kabisa. Likibaki limeinama hata kidogo, utakunywa petroli kila siku na kumlaumu aliyeunda kabureta.

Mrija wa distributa urudishwe. Bomba la petroli lifungwe kwa klipu mpya. Usitie pampu ya umeme yenye nguvu ikiwa pampu ya zamani ni nzima, kwani sindano ya kabureta haitaweza kuizuia, na bakuli litafurika juu ya injini yenye moto.

Kisha chujio la hewa. La magari haya ni la kuogea katika oili: vumbi hunaswa na oili iliyo chini ya bakuli lake. Mimina oili chafu, osha kwa mafuta ya taa, jaza oili ya injini hadi alama, isizidi. Wakati wa kiangazi katika njia za vumbi tazama kila juma. Wakati wa mavuno, gari likifuata trekta, tazama kila jioni. Mpira wa hewa uendao kwenye kabureta usiwe na ufa. Vumbi lipitalo penye ufa huo husaga silinda kama jiwe la kinu, na mtu ataambiwa tena kwamba kabureta imekufa.

KUREKEBISHA

Pampia petroli kwa mkono hadi bakuli lijae, ungoje dakika mbili, utazame kila kiungo. Palipolowa pakazwe kabla ya kurudisha waya wa betri.

Parafujo ya mchanganyiko, iliyo karibu na chini ya kabureta, ikaze polepole hadi iguse tu, kisha uilegeze mzunguko mmoja na nusu. Washa injini, iache hadi ipate moto wake wa kawaida na choki iwe ndani. Kwa parafujo ya kipepeo weka sailensa ya kiasi. Rudi kwenye ile ya mchanganyiko: ikaze kidogo kidogo hadi injini ianze kusita, kisha ilegeze hadi ingurume kwa utulivu kuliko mahali pengine pote, uiache hapo. Mwendo ukiwa umepanda, punguza kwa parafujo ya kipepeo, urudie tena. Sikio hufunzwa na kazi hii upesi. Ikiwa parafujo ya mchanganyiko haibadilishi chochote hata ukiizungusha, pana hewa ya wizi, au njia ya sailensa imeziba, usiendelee, tafuta.

Lipeleke gari safari ya kilomita 20 likiwa na mzigo, na kilima kimoja njiani. Ukiwa juu ya kilima, zima injini bila kuiacha ingurume, ungoje ipoe kidogo, utoe plagi. Rangi ya hudhurungi, kama udongo wa kichuguu uliokauka, ndiyo itakiwayo. Nyeusi kavu: jeti kuu ni kubwa. Nyeupe: ni ndogo, na usiendeshe tena na mzigo hadi uibadilishe. Plagi yenye majimaji ya oili ni habari ya ringi, haihusu kabureta.

Pima matumizi kwa njia ya kweli. Jaza tangi hadi shingoni, andika kilomita, tembea juma zima kwa kazi zako za kawaida, jaza tena hadi shingoni, gawanya. Mshale wa petroli katika magari haya ni mapambo.

Baada ya juma la kwanza kaza tena nati za chini injini ikiwa baridi, kwa kuwa gasketi mpya hulala. Na kabureta ya zamani usimpe fundi kama zawadi: ioshe, itie katika kopo lenye kifuniko pamoja na jeti zake, fimbo yake na nati zake, uandike juu namba ya gari na tarehe.